Mwenye jina asimwache mwenye duka

Mwaka 2018 ulipoanza, kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Ontario, Kanada, kilipanda kutoka dola 11.60 kwa saa hadi dola 14. Wahudumu wa migahawa miwili ya mtandao wa Tim Hortons mjini Cobourg hawakuifurahia nyongeza hiyo kwa muda mrefu. Walipewa barua ya kusaini: mapumziko ya kazini hayatalipwa tena, na sehemu ya gharama za bima ya afya na meno itakuwa juu yao. Walichopewa kwa mkono wa kulia kikachukuliwa kwa wa kushoto.

Watu walikasirika, wakaandamana nje ya migahawa ya jina hilo. Lawama ziliwaangukia wamiliki wa migahawa ile ya Cobourg, mume na mke, ambao kila mmoja ni mtoto wa mmoja wa waliojenga Tim Hortons. Lakini barua ile ilikuwa na jambo ambalo wengi walilipita haraka. Wamiliki walieleza kwamba makao makuu hayakuwasaidia kubeba mzigo huo.

Huo ndio uchungu wa franchaizi. Mmiliki anakodi jina, na analilipia kila siku. Dunkin', mtandao wa migahawa wa Marekani, kwa mfano, imekuwa ikitoza mrabaha wa asilimia 5.9 na mchango wa matangazo wa asilimia 5. Fedha hizo hukatwa kwenye mauzo, hata kama duka halikupata faida. Kampuni yenye jina huamua menyu, vikombe na rangi za ukuta. Kumpata mtu wa kufungua mlango alfajiri, kumfundisha, kumlipa na kuziba pengo lake akiugua ni kazi ya mmiliki.

Kampuni zina sababu ya kukaa mbali. Kwa sheria za kazi za Marekani, kampuni inayoingilia ajira za wenye maduka inaweza kuhesabiwa mwajiri mwenza, ikabanwa kwa makosa yaliyotendwa dukani. Bodi ya mahusiano ya kazi ya nchi hiyo ilipopanua tafsiri ya mwajiri mwenza mwaka 2015, wanasheria wa kampuni walizidi kuwa waangalifu.

Hata hivyo, hoja kwamba ajira za dukani haziwahusu wenye jina inapwaya. Mikataba ya Dunkin' iliwahi kuwa na vifungu vilivyomzuia mmiliki kumwajiri mhudumu wa duka la mwenzake. Mwaka 2019, kampuni hiyo ilikubaliana na wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa kuachana navyo. Aliyeweza kuzuia ajira hawezi kudai kuwa hana mkono katika ajira.

Msaada unaohitajika haumlazimu mwenye jina kuchagua nani aajiriwe. Anaweza kugharamia mafunzo ya wahudumu wapya. Anaweza kutunza orodha ya watu wa akiba wanaoweza kushika zamu katika maduka jirani. Na mshahara unapopandishwa kisheria, apunguze mrabaha kwa muda, au amruhusu mwenye duka kugusa bei. Asipofanya hivyo, nyongeza ya mhudumu itatafutwa kwenye mapumziko ya mhudumu huyohuyo, kama ilivyokuwa Cobourg.

Nawe msomaji unayefikiria kukodi jina la mgahawa kutoka ng'ambo, usome mkataba hadi mwisho kabla ya kutia saini. Uulize wazi: siku nitakapokosa watu wa zamu, mwenye jina atanisaidia nini? Jibu liandikwe ndani ya mkataba.