Valvu na Winchi ya Hewa

Likizo iliyopita nilikaa kwa baba mdogo huko Katanga, ambako yeye ni fundi wa winchi katika machimbo ya shaba. Winchi ile yaendeshwa kwa hewa tupu. Nilimwuliza, "Hewa yawezaje kuvuta kigari cha mawe?" Haya ndiyo aliyonifundisha.

Kompresa hushindilia hewa hata isukume kwa kilo 6 hivi katika kila sentimita mraba, nayo hupita katika mpira mnene mpaka kwenye mota. Ndani yake mna gurudumu lenye mapengo, na katika kila pengo mna kibao chembamba. Gurudumu halikukaa katikati ya nyumba yake, bali limeegemea upande mmoja. Basi upande wa pili vibao hutokeza zaidi, na hewa ikivisukuma, gurudumu huzunguka. Mota hii haitoi cheche, na ikizidiwa na mzigo husimama tu bila kuungua.

Lakini mwenye amri ni valvu. Ni kijiti cha chuma chenye viuno, kitelezacho ndani ya tundu. Mkono wake ukisukumwa mbele, hewa huingia mlango mmoja wa mota, na ile iliyokwisha kazi hutokea mlango wa pili. Ukivutwa nyuma, milango hubadilishana na winchi huzunguka kinyume. Ukisukumwa kidogo, njia huwa nyembamba na mwendo huwa wa polepole. Ukiachwa, springi huurudisha katikati na hewa haipiti.

Breki nayo hubanwa kwa springi; hewa ndiyo huifungua. Kwa hiyo mpira ukipasuka, breki hujibana yenyewe.

Siku moja kijana mmoja aliufunga mkono wa valvu kwa waya ili apumzike. Kigari kilifika mwisho wa reli, winchi isiache kuvuta. Kamba, iliyokuwa imechakaa, ilikatika ikapita juu ya vichwa vyetu kama mjeledi. Mungu alitunusuru.

Baba mdogo hakugomba. Aliukata waya ule, akaniita, akasema, "Mwanangu, aliyeitengeneza valvu alijua kwamba mtu huchoka na husahau. Springi haichoki. Usiifunge kamwe."

Ndugu zangu mtakaokwenda kazi za mashine, neno hilo nawaachia ninyi pia.