Sauti ya Juu Iliyotoka Katanga

Wasomaji wetu wa Moba na wa vijiji vya kando ya ziwa wanajua thamani ya mwimbaji mmoja mwenye sauti safi. Akikosekana siku ya sikukuu, kwaya nzima huyumba. Tena pwani hii imekwisha kumzaa mtu mashuhuri wa muziki: Joseph Kiwele, aliyezaliwa Mpala mwaka 1912, akafundisha muziki Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akatunga Missa Katanga, akafariki mwaka 1961. Sasa tunapenda kuwapa habari za mwimbaji mwingine wa Katanga, aliyeshika njia isiyozoeleka kwetu, yaani njia ya opera.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambamo watu hawasemi, bali huimba. Mfalme akikasirika, huimba. Mama akifiwa, huimba. Sanaa hiyo ilianza Italia karibu na mwaka 1600. Kwa kutamani sauti za juu, watu walifanya ukatili mkubwa: wavulana wenye sauti nzuri walihasiwa ili sauti zao zisivunjike. Ukatili huo umekwisha, lakini nyimbo walizotungiwa zimebaki. Leo huimbwa na wanawake, au na wanaume waliojizoeza kuitumia ile sauti nyembamba iliyomo kooni mwa kila mwanamume. Mwimbaji wa namna hiyo huitwa kauntatena.

Serge Kakudji, aliyekulia Lubumbashi, ni kauntatena. Mwaka 2006 aliimba katika mchezo uitwao Dinozord, wa kundi dogo la Faustin Linyekula, mcheza ngoma wa Kisangani. Kisha mwaka 2014, mjini Vienna, alitokea katika Coup Fatal. Hapo hapakuwa na okestra ya Kizungu. Palikuwa na wapigaji zaidi ya kumi kutoka Kinshasa, wakiongozwa na mpiga gitaa Rodriguez Vangama, wenye magitaa, ngoma na likembe. Nazo nyimbo zilikuwa za Handel, Vivaldi, Gluck na Monteverdi.

Je, kazi ya mwimbaji katika kundi dogo namna hii ni nyepesi? La, hasha. Penye okestra kubwa, kosa dogo humezwa na sauti za wengi. Penye watu wachache, mwimbaji hana pa kujificha. Tena likembe ina tabia yake. Ndimi zake za chuma husukumwa au kuvutwa kabla ya kupigwa, hata zipate sauti zinazotakiwa. Mchezo ukianza, haiwezi tena kumfuata mwimbaji, bali mwimbaji ndiye aifuate. Basi aliyejifunza wimbo wa Handel kwa kufuata noti hana budi kuusikia upya kwa masikio ya Kinshasa.

Nyuma yao lilining'inia pazia la maganda ya risasi, kazi ya msanii Freddy Tsimba. Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kuelezwa maganda hayo hutoka wapi. Mbele ya pazia hilo watu waliimba na kucheza wakiwa wamevaa nguo za fahari. Hawakuficha msiba wa nchi yao, wala hawakukubali kwamba msiba ndio habari yote ya nchi hiyo.

Wazazi wapendwa, pengine nyumbani mwenu yuko kijana wa kiume anayeimba kwa sauti ya juu, na wenzake wanamcheka kuwa anaimba kama msichana. Msimcheke ninyi pia. Sauti yake inapovunjika, asilazimishwe kupiga kelele. Apumzishe koo, aimbe polepole, amsikilize mwalimu wake wa kwaya. Huenda asifike Vienna kamwe. Lakini kijana aliyezoea kuisikiliza sauti ya mwenzake kabla ya kutoa yake atafaa popote atakapokwenda, hata kama ni ng'ambo tu ya ziwa.