Kisichozoeleka Si Haramu: Adabu ya Chakula Ugenini

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo tuzungumzie jambo linalozikabili familia nyingi za Kiislamu zinaposafiri kwa mapumziko, nalo ni chakula cha ugenini.

Wapo wazazi ambao, kwa kuiogopa haramu, hujaza mabegi biskuti kutoka nyumbani na kuwalisha watoto viazi vya kukaanga safari nzima. Wapo na wengine ambao hula kila wanachoandaliwa, wakidai kuwa msafiri haulizi. Makundi yote mawili yamechanganya kilichokatazwa na kisichozoeleka.

Tofauti hiyo tunaipata katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliandaliwa nyama ya dhabbu, mjusi mkubwa wa jangwani, akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) akauliza kama ni haramu. Mtume akamfahamisha kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwapo katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Khalid akajivutia nyama ile akaila, na Mtume anamtazama. Basi asiyependa na aache, lakini asimharamishie mwenzake.

Tuchukue mfano wa Singapore, mji ambao Waislamu ni wachache, na Wachina, Wamalay na Wahindi hula katika masoko yale yale ya vyakula. Utamaduni wa masoko hayo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2020. Baraza la Dini ya Kiislamu la huko, MUIS, lilianza kutoa vyeti vya halali mwaka 1978. Mgeni hukitafuta cheti hicho kibandani kabla ya kuagiza. Masoko mengi yana hata mahali pawili pa kurudishia sinia, ili vyombo vya halali visichanganywe na vingine.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Tangazo la kwamba hapana nguruwe halitoshi peke yake, kwani kuku huenda hakuchinjwa kisheria, au mchuzi umetiwa mvinyo. Tambi za kukaanga ziitwazo char kway teow, kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, ingawa mlaji hayaoni. Kuuliza si aibu wala si utovu wa adabu. Ni sehemu ya ibada.

Aliyekwisha kuuliza na akaridhika, na ale kwa furaha. Karibu na Msikiti wa Sultan, ambao jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1932, huuzwa murtabak, chapati iliyokunjiwa nyama, mayai na vitunguu. Ipo nasi lemak, wali wa nazi unaoliwa na vidagaa vya kukaanga, karanga, yai na pilipili ya kusaga. Ipo na satay, ambayo ni mishkaki iliyochovywa katika mchuzi wa karanga. Mtoto wa Tanga au Mombasa atashangaa kuona kwamba watu wa mbali hivyo nao wanaijua nazi, na atajifunza ukubwa wa umma wake kwa ulimi kabla ya kuusoma kitabuni.

Enyi wazazi, tuwafundishe watoto wetu mambo matatu mezani: kuuliza, kusema Bismillahi, na kutokitia ila chakula. Mtume (S.A.W.) hakupata kukiaibisha chakula; alipokipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Mtoto anayekunja uso mbele ya mpishi humvunja moyo mtu aliyeamka alfajiri kuandaa riziki yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki iliyo halali na njema, nyumbani na safarini. Amin.