Je, Wajua? Laptopu ya Ofisi na Hewa ya Ufipa

Sumbawanga, kwenye nyanda za juu za Ufipa, iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo feni ya laptopu hupata kazi zaidi kuondoa joto. Ahueni ni baridi ya Ufipa yenyewe.

• Laptopu za ThinkPad zimekadiriwa kufanya kazi hadi mita 3,048. Hata vilele vya milima ya Mbizi, karibu na Sumbawanga, havifiki huko.

• Namba ya modeli ina siri. Kwenye ThinkPad T480, 4 ni kioo cha inchi 14, na 8 ni mwaka 2018. Kwenye Dell Latitude 7490, 7 ni daraja la juu. Daraja la kati huanza na 5, la bei nafuu na 3. Kwa HP, EliteBook iko juu ya ProBook.

• T480 ina betri mbili. Ya nyuma unaichomoa na kupachika nyingine, kazi ikiendelea. Umeme ukikatika katikati ya barua, hupotezi hata herufi.

• Geuza baadhi ya ThinkPad chini juu, utaona vitundu vidogo. Chai ikimwagika kwenye kibodi, hutokea hapo badala ya kulowesha bodi.

Ukinunua iliyotumika, soma namba ya modeli kwanza. Kisha ijaribu bila chaja, uone betri inakaa muda gani.