Ripoti ya Kikundi: PDF, Word au Excel?

Desemba ni mwezi wa kugawana. Kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei, vikundi vya kuweka na kukopa, vya mabwawa ya mchanga na vya wakulima wa maembe hufunga hesabu, na mweka hazina hutakiwa kumwonyesha kila mwanachama alichochanga na anachodai. Kazi iliyokuwa ya daftari la mistari na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu, siku hizi iko kwenye simu, au kwenye laptopu ya kijana anayesoma chuo kikuu cha SEKU kule Kwa Vonza. Karatasi yenyewe hutoka saiba. Hapo ndipo pesa za kikundi zinapovuja, maana hesabu zile zile zikitolewa kwa fomati tofauti hutoka na idadi tofauti ya kurasa, na saiba hulipisha kwa ukurasa.

Katika hesabu zangu nitatumia shilingi 10 kwa kila ukurasa unaochapwa kwa wino mweusi na shilingi 5 kwa nakala ya fotokopi. Bei ya Wote huenda isiwe ya Mutomo. Kama yako ni tofauti, weka yako.

Tuanze na Excel, kwa kuwa ndiyo inayokula pesa nyingi zaidi. Chukua kikundi cha watu 60. Jedwali lao lina jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, miezi 12 na jumla: safu wima 16. Kwenye skrini linapendeza. Sasa lipeleke saiba kwenye flashi, mhudumu abonyeze kuchapa bila kugusa chochote. Karatasi ya A4 iliyosimama, kwa pambizo za kawaida za Excel, huchukua mistari 48 hivi na upana usiofika nusu ya miezi hiyo. Matokeo yake ni kurasa nne. Wa kwanza una majina na michango ya Januari hadi Aprili. Wa pili una wanachama 13 waliobaki, bila vichwa vya safu. Wa tatu una Mei hadi Desemba pamoja na jumla, lakini hauna jina hata moja. Wa nne hauna majina wala vichwa, ni nambari tupu, na mama aliyechanga mwaka mzima hawezi kujua ni mstari upi ulio wake.

Ukichapa nakala moja ya kurasa hizo nne kisha utoe fotokopi 59, unalipa shilingi 1,220. Jedwali hilo hilo ukililaza, ukaiambia Excel ibane upana wote uingie ukurasa mmoja na iache urefu ujigawe wenyewe, hutoka kurasa mbili. Maandishi hupungua hadi asilimia 83 hivi ya ukubwa wake, na bado yanasomeka bila miwani kwa walio wengi. Gharama ni shilingi 610. Nusu ya pesa imeokolewa kwa mipangilio miwili ambayo mtu aliyezoea huimaliza kwa dakika moja. Ongeza wa tatu: amuru mstari wa vichwa ujirudie juu ya kila ukurasa. Huo haupunguzi bei, ila huzuia ubishi mkutanoni, na ubishi wa pesa ndani ya chama huvunja mengi kuliko shilingi 610.

Kuna njia ya bei nafuu zaidi ambayo vikundi vichache hujaribu. Si lazima kila mtu abebe jedwali zima nyumbani. Word inaweza kuvuta orodha kutoka Excel na kumtengenezea kila mwanachama kijikaratasi chake: jina, michango ya miezi 12, mkopo, riba, gawio. Vijikaratasi sita huenea kwenye A4 moja. Watu 60 ni kurasa 10, yaani shilingi 100, na mkasi. Jedwali kamili huchapwa mara moja, husomwa kwa sauti mbele ya wote na kubaki kwenye faili la katibu. Kwangu mimi hii ndiyo njia bora kwa kikundi chochote kinachozidi watu 30. Uwazi unabaki, kwa sababu kila mtu amesikia jedwali likisomwa, na deni la mtu halizunguki kijijini kwenye karatasi 60.

Word ina tabia nyingine. Excel hukata jedwali mahali unapoweza kupaona mapema. Word husukuma maandishi kimyakimya. Umeandika ripoti ya bwawa la mchanga kwenye simu kwa WPS Office: kurasa tatu, na chini ya wa tatu ni nafasi za sahihi za mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ukiifungua saiba inakuwa kurasa nne, na wa nne una sahihi peke yake. Sababu kubwa ni fonti. Faili ya Word kwa kawaida haibebi fonti ndani yake, hubeba jina la fonti tu. Tangu 2007 Word ilikuwa ikianza na Calibri. Kuanzia 2023 Microsoft ilihamia Aptos. Tarakilishi ya saiba yenye Office ya zamani haina Aptos, basi huweka fonti nyingine iliyo nayo. Upana wa herufi unabadilika kidogo, mstari mmoja unakuwa miwili, aya inateremka, na sahihi zinaangukia ukurasa mtupu.

Ukurasa huo wa nne una gharama kubwa kuliko shilingi 10. Sahihi zilizokaa peke yake kwenye karatasi zinaweza kubandikwa nyuma ya ripoti yoyote, na afisa makini ana haki ya kuzikataa. Aliyetoka Ikutha kupeleka ripoti Kitui mjini akirudishwa, amepoteza nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi. Kinga ipo: teua mistari miwili ya mwisho ya maelezo pamoja na ile ya sahihi, kisha uiambie Word isiitenganishe aya na inayoifuata. Popote ukurasa utakapokatika, sahihi zitaenda pamoja na maneno yanayozihusu. Na ukitaka ukurasa mpya uanze, weka amri ya kukata ukurasa, usibonyeze kitufe cha kushuka mara 15. Mistari mitupu ndiyo ya kwanza kuhama faili ikifunguliwa kwingine.

Ukichagua fonti, chagua ya zamani inayopatikana karibu kila mahali, kama Times New Roman au Arial. Anayetumia LibreOffice, ambayo ni ya bure na inafanya kazi vizuri kwenye laptopu kuukuu, ana bahati moja: huja na Carlito, fonti iliyotengenezwa iwe na upana ule ule wa Calibri, hivyo ripoti iliyoandikwa kwa Calibri haitawanyiki sana.

PDF iliundwa ili kuondoa tatizo hili. Adobe waliitoa mwaka 1993, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO. Hubeba fonti, pambizo na mipaka ya kurasa ndani yake. Kurasa tatu za simu yako ni kurasa tatu za saiba na kurasa tatu za ofisi ya kaunti. Programu zote nilizotaja zinaweza kutoa PDF. Kwa hiyo kinachokwenda kuchapwa au kupokelewa ofisini kiende kwa PDF, na uitengeneze wewe mwenyewe kabla ya kufika saiba. Kule Makueni, ambako kamati za maendeleo huanzia kijijini na kupanda hadi kaunti, kumbukumbu za mkutano mmoja hupita mikononi mwa watu wengi. Zikipita kwa Word, kila mkono unaweza kuzihamisha kurasa bila kukusudia, kisha mtu akisema “tazama ukurasa wa tano” kila mmoja anafungua jambo tofauti.

Lakini PDF ina udhaifu wake, na wengi hawausemi. Wanachama wengi watasoma ripoti kwenye WhatsApp. A4 ina upana wa milimita 210; kioo cha simu ya kawaida kina kama 70. Ukurasa unapobanwa uenee, herufi ya ukubwa wa 11 inaonekana kama ya chini ya 4. Mzee wa miaka 65 hawezi kuisoma, na akiikuza atakuwa akisukuma kidole kushoto na kulia kila mstari. Tengeneza PDF ya pili, ya A5, yenye upana wa milimita 148 na herufi za 14. Kurasa zitaongezeka, lakini hazichapwi, hivyo hazina bei. Kama ni jumla tatu au nne tu zinazotafutwa, ziandike kama ujumbe wa kawaida wa WhatsApp. Huo hujipanga wenyewe kwenye kila kioo.

Jihadhari pia na PDF ya picha, ile inayotokana na kupiga kurasa picha moja moja kwa kamera. Kwa kawaida huwa nzito mara nyingi zaidi ya PDF ya maandishi, inakula bando ya kila anayeipokea, na huwezi kutafuta jina ndani yake.

PDF vilevile haifai kwa anayetaka kupiga hesabu. Taarifa ya M-Pesa unayotumiwa kwa barua pepe huja kama PDF iliyofungwa kwa nambari ya siri. Ni ushahidi mzuri, lakini ukinakili majedwali yake kwenda Excel, safu huchanganyika. Mkaguzi wa hesabu mpe Excel yenyewe, na PDF iambatane nayo.

CSV nitaitaja kwa ufupi. Haina kurasa, haina pambizo, haina rangi. Ni maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato. Inafaa kuhamisha orodha kutoka programu moja kwenda nyingine. Mtu akiifungua kwa Excel kwa kubonyeza mara mbili, nambari za simu zinazoanza na 07 hupoteza sifuri, na tarehe 3/4 inaweza kugeuka kutoka Aprili kuwa Machi. Kwetu kuna hasara ya ziada. Kikamba kina irabu ĩ na ũ, na baadhi ya majina ya watu na vijiji huandikwa kwazo. CSV isiyohifadhiwa kwa UTF-8 inaweza kuzigeuza kuwa alama za ajabu. Usimpe mwanachama CSV.

Rangi nayo ni sehemu ya mpangilio. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi ya tahadhari ya ukame kwa kaunti kavu, Kitui na Makueni zikiwemo, na hutoka kama PDF. Ndani yake mna ramani za hali ya mimea zinazotegemea rangi kueleza wapi pabaya na wapi nafuu. Ukiichapa yote kwa rangi unalipa pesa nyingi. Ukiichapa yote kwa wino mweusi, ramani inakuwa kijivu kitupu. Chapa ukurasa wa ramani kwa rangi, na zile za maelezo unazozihitaji kwa mweusi. Mhudumu anaweza kuchagua nambari za kurasa, mwambie tu.

Limebaki jambo la ukubwa wa karatasi. Baadhi ya fomu za wafadhili zimetengenezwa kwa karatasi ya Letter, inayotumika Marekani. Letter ni pana kuliko A4 kwa milimita 6 hivi na fupi kwa karibu 18. Katika Excel hiyo ni mistari mitatu hivi pungufu kwa kila ukurasa, na orodha iliyotosha kurasa mbili inaweza kudai wa tatu. Kwenye printa iliyojaa A4, ama pambizo hukatwa ama printa husimama ikiomba karatasi ambayo saiba haina. Kubadili ukubwa ni kazi ya mara moja kwa anayeiandaa fomu, na ni gharama ya kila mwaka kwa anayeijaza.

Ndiyo maana ombi langu nalielekeza kwa ofisi za kaunti, mashirika na wafadhili wanaogawa fomu kwa vikundi vya Kitui na Makueni: zitoeni kwa A4, kwa fonti ambayo kila tarakilishi inayo, nafasi za sahihi zikiwa zimeshikamana na maelezo yake, na mkubali PDF inayotoka kwenye simu.