Kadi ya Zamani au Michoro ya Ndani: Chama Kichague Nini?

Chumba cha chama cha msingi ambacho hujaa watu katika msimu wa kununua mazao, aghalabu hukaa kitupu miezi iliyobaki. Vijana wakikiona hukiombea kazi: chama kinunue kompyuta nne au tano, wafungue ukumbi wa michezo, watoze ada kwa saa, na faida irudi katika mfuko wa chama. Ombi la namna hii si la kupuuzwa. Vijana hao ndio wanachama wa kesho, na wengine wao ni wanachama wa leo.

Hata hivyo, ombi hilo likifika mbele ya Bodi huja na swali ambalo wajumbe wengi hawakulizoea. Muuzaji mmoja husema, "Nunueni kompyuta yenye michoro ya ndani, hamhitaji kadi." Mwingine husema, "Nunueni kadi ya michoro ya zamani, ina nguvu na ni rahisi." Kila mmoja husifu mali yake. Makala hii inakusudia kuwapa wajumbe vipimo vya kuamulia, kwa sababu fedha zitakazotumika zimetokana na makato ya kila kilo iliyopimwa juu ya mizani ya chama.

Kazi ya michoro

Picha ya mchezo huchorwa upya mara nyingi katika kila sekunde. Kioo cha kawaida cha kompyuta kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni mbili. Picha ikichorwa mara 60 kwa sekunde, kompyuta hutakiwa kuamua rangi ya nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Ikishuka chini ya mara 30, picha hukatikakatika na mchezaji huhisi kwamba amepunjwa.

Kazi hiyo yaweza kufanywa na mojawapo ya viungo viwili. Cha kwanza ni sehemu ya michoro iliyojengwa ndani ya prosesa yenyewe. Hiyo ndiyo tunayoiita michoro ya ndani. Cha pili ni kadi ya michoro, yaani ubao wa pekee unaochomekwa ndani ya kompyuta, wenye chombo chake cha kukokotoa, feni yake na kumbukumbu yake.

Tofauti kubwa kati ya viwili hivyo iko katika njia ya kufikia kumbukumbu. Tuchukue mfano wa kinu cha kukoboa kahawa. Kinu chenye ghala lake ubavuni hakingoji. Gunia likiisha, jingine lipo. Kinu kinachotegemea ghala la chama lililo mbali, tena kwa barabara ileile inayotumiwa na malori ya mbolea, kitasimama mara kwa mara hata kama mtambo wake ni mpya. Kadi ya michoro ni kinu chenye ghala lake. Michoro ya ndani hutumia ghala la wote, yaani RAM ya kompyuta, na huigawana barabara na prosesa.

Tazameni tarakimu. Kipande kimoja cha RAM aina ya DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Vipande viwili, vikichomekwa katika matundu yanayopasa, hupitisha gigabaiti 51.2. Kadi ya Nvidia GTX 750 Ti, iliyotoka mwaka 2014, ina njia yake yenyewe ya gigabaiti 86.4 kwa sekunde. Ile ya GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 hupitisha gigabaiti 112. Ndiyo maana kitu cha zamani chaweza kukishinda kipya. Kwa hiyo Bodi isiulize kwanza umri wa kitu; iulize upana wa njia yake, kiasi cha umeme kinachokula, na kama mtengenezaji wake bado anakitunza.

Ikiwa chama kina kompyuta tayari

Vyama kadhaa vina kompyuta za ofisi zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Tuchukue Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye prosesa ya Intel Core i5-3470. Michoro yake ya ndani, Intel HD Graphics 2500, ilitengenezwa kwa barua na hesabu. Kuingoja ichore mchezo mzito ni kumtwika punda shehena ya lori.

Hapa kadi ya zamani ina haki yake, mradi iwe ndogo. Tundu linalopokea kadi ndani ya kompyuta hutoa umeme usiozidi wati 75. GTX 750 Ti hutumia wati 60 na GTX 1050 Ti wati 75, kwa hiyo zipo za aina hizo zisizohitaji waya wa ziada wa umeme. Wajumbe wahakikishe hilo kwa macho, maana baadhi ya watengenezaji waliongeza tundu la waya hata pasipo lazima. Aidha, kompyuta za umbo jembamba hupokea kadi fupi tu. Kadi ndefu itabaki mezani, na risiti imekwisha kuandikwa.

Kadi peke yake haiponyi kila kitu. Mchezo wa Grand Theft Auto V, uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, ulipendekezewa prosesa hiyohiyo ya i5-3470. Basi kompyuta hii ikipewa GTX 1050 Ti na RAM ya gigabaiti 8 itauchukua vizuri. (Mchezo huo ni wa watu wazima, na chama kitapaswa kuamua nani aruhusiwe kuucheza.) Lakini FIFA 23 ya mwaka 2022 ilitaja GTX 1050 Ti kuwa kadi ya kiwango cha chini, pamoja na prosesa ambayo ni ya kizazi cha baadaye kuliko i5-3470. Anayetaka mpira wa miaka ya karibuni asitegemee mashine hii.

Kuna onyo moja la pili. Windows 10 iliacha kupata matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya mwaka 2012 haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Kompyuta ya namna hiyo isiwe na daftari la wanachama wala hesabu za malipo. Mashine ya michezo na mashine ya mweka hazina ziwe mbili tofauti.

Ikiwa chama kinanunua kompyuta mpya

Hali hubadilika chama kinapoanza bila kitu. Prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, iliyofika madukani mwaka 2021, ina michoro ya ndani iitwayo Vega, na prosesa na michoro kwa pamoja zimepangiwa wati 65. Haiifikii GTX 1050 Ti, lakini michezo myepesi na ile ya miaka iliyopita huicheza kwa kuridhisha, ukipunguza urembo wa picha. Ryzen 7 8700G ya mwaka 2024 ina nguvu zaidi. Michoro yake hukaribiana na GTX 1050 Ti, na katika michezo mingine huipita. RAM yake ya DDR5-5200, ikiwa vipande viwili, hupitisha gigabaiti 83.2 kwa sekunde. Hapo barabara ya wote imekaribia tu upana wa ile njia ya binafsi ya kadi ndogo ya mwaka 2014. Kinachoisaidia 8700G kuishinda kadi hiyo ni ufundi mpya wa kutumia njia hiyo kwa uangalifu.

Faida ya michoro ya ndani ni vitu vichache vya kuharibika, joto dogo, na uwezo wa kuongeza kadi baadaye mfuko ukiruhusu. Lakini faida hiyo hupotea kwa kosa moja, nalo hufanywa kila siku: kununua kipande kimoja cha RAM ili kuokoa fedha. Kwa mashine ya kadi hasara yake ni ndogo. Kwa michoro ya ndani ni kufunga nusu ya barabara. Hati ya kuagiza iandikwe wazi: vipande viwili vya gigabaiti 8. Gigabaiti 16 si anasa, kwa sababu michoro ya ndani hukata sehemu ya RAM hiyo kwa matumizi yake.

Mtego wa kadi kubwa ya kale

Muuzaji anaposema "kadi ya zamani yenye nguvu", mara nyingi hana maana ya kadi ndogo tulizozitaja. Huwa na kadi iliyokuwa mfalme katika enzi yake. AMD Radeon HD 7970 ilitoka mwaka 2012, njia yake ni gigabaiti 264 kwa sekunde, na hata leo kasi yake haidharauliki. Lakini hufikia wati 250 na hutaka nyaya mbili za ziada za umeme. Kisanduku cha umeme cha kompyuta ya ofisi kama tuliyoitaja, ikiwa ya umbo jembamba, ni cha wati 240 kwa mashine nzima.

Na tufanye hesabu. Kompyuta tano zikifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kadi za wati 75 zitakula yuniti 78 za umeme kwa mwezi zikibanwa mpaka mwisho wa nguvu zao. Kadi za wati 250 zitakula yuniti 260. Tofauti ni yuniti 182 kwa mwezi, au 2,184 kwa mwaka. Mhasibu azidishe kwa bei ya yuniti katika risiti yenu ya umeme, kisha ailinganishe na ada ya saa ambayo vijana wanaweza kulipa. Joto la kadi hizo nalo litataka feni za chumba, na feni nazo hula umeme. Cha rahisi dukani huwa ghali chumbani.

Matunzo ya mtengenezaji

Kadi haifanyi kazi bila programu endeshi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kusema nayo. Mtengenezaji akiacha kuitunza, michezo mipya huanza kugoma hata kama chuma bado ni kizima. AMD iliacha kutoa programu endeshi za kawaida kwa HD 7970 na jamaa zake mwezi Juni 2021. Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba kundi la GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti lingepata programu endeshi ya mwisho kwa ajili ya michezo mwezi Oktoba 2025, na baada ya hapo masahihisho ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Michoro ya 5600G nayo haikusalimika kabisa: tangu mwaka 2023 AMD imeiweka katika fungu la pekee, mbali na programu endeshi kuu. Ya 8700G bado ni changa.

Vilevile iko michezo isiyokubali kadi za zamani kwa vyovyote. Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024 hudai chombo maalum cha kukokotoa miale ya nuru, ambacho hakimo katika kadi yoyote ya zamani tuliyoitaja. Chama kisiahidi wateja mchezo kabla ya kusoma masharti yake.

Tahadhari katika kununua kadi iliyotumika

Sarafu ya Ethereum ilipoacha kutegemea kadi za michoro mwezi Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana ziliingia sokoni. Si zote mbovu, lakini feni zake huenda zimechoka. Zipo pia kadi za udanganyifu: kadi ya miaka ya 2010 na 2011 hubadilishwa maandishi yake ya ndani ili ijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kutambua nyingi za aina hiyo. Mjumbe mmoja na kijana mmoja mwenye ujuzi waende pamoja dukani, waiendeshe programu hiyo, wacheze mchezo mzito kwa muda wa nusu saa wakiisikiliza feni, kisha wadai risiti yenye namba ya kadi na muda wa kuirudisha. Asiyekubali masharti hayo hana mali ya kuuzia chama.

Maswali ya kuandikwa katika muhtasari

Kabla ya kupitisha fedha, Bodi na ijibu haya kwa maandishi:

1. Ni michezo gani itakayochezwa, na kila mmoja unataka prosesa, RAM na kadi gani?
2. Je, kompyuta zilizopo zina prosesa inayotosha, au kadi itakuwa kofia mpya juu ya nguo iliyochanika?
3. Kisanduku cha umeme ni cha wati ngapi, na kadi inaingia ndani ya kasha?
4. Umeme wa mwezi utakuwa yuniti ngapi, na ni saa ngapi za ada zitakazoulipia?
5. Mtengenezaji ataitunza programu endeshi mpaka lini?

Kwa kifupi, chama chenye kompyuta nzima ya ofisi na haja ya michezo ya miaka iliyopita kinaweza kununua kadi ndogo isiyozidi wati 75, kikijua kwamba kinanunua miaka michache. Chama kinachoanza upya kichague michoro ya ndani ya kisasa pamoja na vipande viwili vya RAM. Kadi kubwa ya kale waachiwe wenye umeme wa kuchezea.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na wengine husema ya kale ni dhahabu. Katika jambo hili misemo yote miwili yaweza kumpoteza mnunuzi. Mwanachama atakapouliza katika mkutano mkuu makato yake yamekwenda wapi, jibu litakalomridhisha ni hesabu iliyofanywa kabla ya kununua.