Mstari Mmoja Usikuzuge!

Kadi za harusi ziko tayari, ukumbi umelipiwa nusu, kamati inakimbizana na wadaiwa wa michango. Jumamosi asubuhi mmemaliza kuchagua vitenge Kariakoo, mnavuka Barabara ya Morogoro pale Fire na kuingia Upanga kwa miguu. Mchumba kanyamaza ghafla. Wewe mwenyewe viganja vimelowa jasho. Mnakwenda kupima.

Mpenzi msomaji, kama umewahi kukaa kwenye lile benchi, unajua dakika 15 zinavyoweza kuwa ndefu. Mnaitwa ndani, mshauri nasaha anawaonyesha majibu. Kwako mstari mmoja, kwake mstari mmoja. Hasi! Mnakumbatiana, mnatoka mmeshikana mikono, habari imekwisha.

Au siyo?

Hebu subiri kidogo. Kile kipimo kimesema nini hasa? Wengi wetu tunadhani kimechungulia kwenye damu, kikakikosa kirusi. Wala! Kipimo cha haraka tulichokizoea hakitafuti VVU. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili unazitengeneza baada ya kumgundua mgeni. Ni sawa na kujua kama mwizi kaingia kwa kusikiliza kama mbwa wanabweka. Kama mwizi ndiyo kwanza anaruka ukuta, mbwa bado wamelala.

Ndani ya kile kiplastiki

Kila kingamwili ina umbo la kushika kitu chake tu, kama ufunguo na kufuli. Kwenye karatasi iliyomo ndani ya kipimo, kiwandani wamepaka mstari usioonekana wa protini za VVU. Tone la damu kutoka kidoleni linawekwa pamoja na maji yake maalum, linatambaa polepole kwenye karatasi. Kama damu ina kingamwili za VVU, zinanasa pale pamoja na chembe za rangi, na mstari unajitokeza. Ule mstari mwingine kazi yake ni kuthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, hakuna majibu hapo, mnarudia.

Kile kijiti cha mimba mnachonunua duka la dawa ni ndugu wa kipimo hiki, ila mambo yamegeuzwa. Kingamwili zenyewe ndizo zimebandikwa kwenye kijiti, zinasubiri homoni ya mimba kwenye mkojo. Kipimo cha haraka cha malaria nacho hufanya hivyo hivyo, kinanasa protini ya vimelea.

Maabara kubwa wana ELISA, iliyobuniwa Stockholm mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann. Hiyo hufanyika kwenye sahani yenye visima vidogo 96, hivyo damu za watu wengi hupimwa kwa mkupuo. Kingamwili ikinaswa, kimeng'enya hubadilisha rangi ya kisima.

Miezi mitatu ya giza

Mwili hautengenezi silaha hizo kwa siku moja. Kwa vipimo vya kidoleni, inaweza kuchukua kuanzia wiki 3 hivi hadi miezi 3 tangu maambukizi. Muda huo ndio unaoitwa kipindi cha dirisha. Na ubaya wake ni huu: wiki hizo za mwanzo kirusi huwa kingi sana kwenye damu, kwa hiyo ni rahisi kumwambukiza mwenzako huku umeshika karatasi ya "hasi" mkononi.

Kwa maneno mengine, majibu ya leo yanakusimulia ulivyokuwa miezi 3 iliyopita. Yale ya mwezi jana kwenye semina ya mkoani, bado hayajasomwa!

Askari waliojitolea

Chanya nayo ina mambo yake. Hapo hapo Upanga, kwenye Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, mwaka 2007 yalianza majaribio ya chanjo ya VVU yaliyoitwa HIVIS03. Watu 60 walijitolea, wakiwemo askari polisi wa Dar. Chanjo ile haikuwa na kirusi kamili, isingeweza kumwambukiza mtu. Lakini mwili ulipokutana nayo ulitengeneza kingamwili, na wengi wa waliochanjwa wakawa wanaonyesha chanya kwenye vipimo vya kingamwili. Mbwa wanabweka, mwizi hayupo! Kuujua ukweli, ilibidi kutumia vipimo vinavyotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe.

Sasa fikiria kumweleza mkeo hilo sebuleni, saa 3 usiku.

Ndiyo maana kipimo kimoja chenye mistari miwili hakitoshi kumpa mtu jibu la mwisho. Lazima kithibitishwe kwa kipimo cha aina nyingine. Na ndiyo maana mtoto mchanga wa mama mwenye VVU hupimwa kwa vinasaba, kwani hubeba kingamwili za mama yake na zinaweza kubaki mpaka miezi 18.

Kinyume chake pia kipo. Mtu anayetumia ARV vizuri anaweza kufikia hatua ambayo kirusi hakionekani kwenye damu, na akiendelea hivyo hawezi kumwambukiza mwenzake kwa ngono. Ila kipimo cha kidoleni kwa kawaida kitaendelea kusema chanya, maana kingamwili zimebaki.

Majibu yake si yako

Kuna akina kaka wanaosubiri majibu ya mjamzito kliniki, kisha wanajitangazia kwamba nao wako safi. Kaka yangu, unajidanganya! Mmoja anaweza kuwa na VVU na mwenzake asiwe navyo kwa miaka. Rais Jakaya Kikwete na mama Salma walipopima hadharani Julai 14, 2007, viwanja vya Mnazi Mmoja, kila mmoja alitoa damu yake.

Kabla hamjafunga ndoa

• Pimeni pamoja, na kila mmoja apate majibu yake.
• Kama kuna wasiwasi wowote wa miezi 3 iliyopita, semeni. Tumieni kondomu au vumilieni, kisha mrudi kupima.
• Sheria iliruhusu kujipima mwenyewe tangu 2019. Ukiona mistari miwili nyumbani, usimpigie mtu kelele, nenda kituoni ukathibitishe.
• Ikithibitika chanya, ARV zinaanza mapema. Watu wanaoa, wanaolewa na wanazaa watoto wasio na VVU.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya kumwambia mchumba, "Mwenzangu, tusubiri, mimi kuna jambo la mwezi jana." Inauma, na huenda akakununia wiki nzima. Lakini hakuna kipimo Upanga nzima kitakachokusemea hilo.

Miezi 3 ni mirefu kwa kamati ya harusi. Kwa ndoa ya miaka 40, ni kitu gani?